Kitufe Chenye Mawese

Ilianza Ijumaa, saa nane na robo, watu wametoka msikitini na wako kwetu, hapa Kasongo, wanamaliza wali. Mjomba, mwenye biashara ya dhahabu kule Salamabila, alikuja na gari isiyotiwa ufunguo. Ufunguo unakaa mfukoni tu, lakini usipokuwa karibu gari haiwaki. Ukibonyeza kitufe injini inawaka, ukibonyeza tena inazima.

Alikaa kwenye usukani, mguu juu ya breki, akaita wageni mmoja mmoja.

"Kuya na wewe, bonyeza! Leo Kasongo inaamuka!"

Wakabonyeza kwa vidole ambavyo havijaoshwa, vyekundu kwa mawese. Punje ya wali ikanasa pembeni ya kitufe. Kila mara nikaitwa: "Mutoto, panguza." Nikapanguza kwa kitambaa, nikikishika kwa ncha za vidole kwa kinyaa.

Wakati huo wote Bibi, mama mzazi wa Mjomba, alikuwa kiti cha nyuma, kitambaa kipya kichwani. Jicho moja limekwisha, la pili linaona vivuli tu. Daktari wa macho aliyetoka Kindu alikuwa hospitalini siku yake ya mwisho, mpaka saa kumi. Mjomba aliahidi kumpeleka.

"Mama, vumilia kidogo," alisema, akaita mgeni mwingine.

Saa tisa na nusu simu yake ikalia. Akaacha injini inaunguruma, akamwambia kaka yangu, "Peleka Mama," akapanda pikipiki ya rafiki yake kwenda Lusangi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kanzu yake.

Kaka akaenda kuvaa viatu. Ile punje bado iko pale. Nikaikwangua kwa ukucha, kwa hasira. Kitufe kikazama, injini ikazima.

Kaka alibonyeza mpaka akachoka. Wageni wakacheka: "Gari ni gari, tusukume!" Maana gari zote tunazozijua hapa zinawaka kwa kusukumwa. Wakasukuma, Bibi ndani akitikiswa kama unga kwenye chekeche. Gari, magurudumu yamejifunga, haikusogea hata shubiri.

"Bibi, kanyaga mafuta!" mmoja akamtania, na wengine wakacheka tena.

"Nani alizima?" kaka akauliza.

Nikajifanya napanguza mlango wa gari. Mdomo wangu uliofungwa ulinichukiza kuliko mawese yao. Pikipiki ya kumpeleka Bibi ilipopatikana, saa kumi ilikuwa imepita.

Asubuhi Mjomba, amerudi, akaita toka uani: "Mutoto, kuya panguza!" Nikatupa kitambaa cha kupanguzia juu ya kiti chake cha usukani, nikamshika Bibi mkono, tukaenda kwa miguu mpaka nyumba anapolala daktari.

"Bibi, ni mimi nilizima," nilimwambia njiani.

"Nilisikia ukucha wako. Macho ndiyo mabovu, masikio iko muzima."

Nikabisha mlango. Daktari akatoka, mswaki mdomoni, mfuko wake wa safari umekwisha kufungwa. Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono, nikasema: "Dokta, angalia kwanza jicho la bibi yangu. Halafu utaenda."