Meli Tulivu Aliyoingoja Bibi

Wiki iliyopita nilitoka kwa wakala wa safari nimevimba kwa hasira, na kabla sijafika kituo cha tramu nikasikia harufu ya chapati zilizofungwa ndani ya khanga. Hakukuwa na chapati yoyote saa ile katika barabara ya Chaussée de Wavre, huku Ubelgiji. Ilikuwa bandari ya Bujumbura inanirudia, kama inavyonirudia kila nikisikia neno meli.

Ngoja nikueleze, halafu uniambie kama sina haki ya kukasirika. Mama yangu ana presha ya macho. Daktari amesema wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Mama hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: alale juu ya maji pamoja na wajukuu wake wawili, na asubuhi awaonyeshe nchi kavu inavyojitokeza, kama alivyokuwa akinionyesha mimi nikiwa mdogo. Awaonyeshe akiwa bado anaona.

Ni ombi dogo, ungedhani. Lakini mimi, kwa ujanja wangu, mtoto mkubwa nilimwandikisha shule ya Kifaransa, na mdogo nikampeleka ya Kiflamandi, maana majirani wote hapa mtaani kwetu Saint-Josse walisema mwenye lugha zote mbili hakosi kazi katika mji huu. Hakuna aliyeniambia kwamba shule za Kifaransa zitakuja kubadilisha likizo zao, na za Kiflamandi zitabaki na zile za zamani. Mmoja akifunga, mwingine anafungua. Masika hii wanakutana nyumbani wiki moja tu, na wiki hiyo hiyo ndiyo wanafunzi wa vyuo wanapanda meli kwenda kulewa.

Wakala ni baba wa Kikongo mwenye ofisi iliyobanwa kati ya duka la vitenge na duka la kutuma pesa. Alinigeuzia kompyuta yake nione mwenyewe.

"Bon, maman," akaniambia, "ile semaine batoto yako bote beko na congé, njo ile ba-étudiants banajaza bateau. Makelele haikosi. Iko ingine ya kimya, mais ile haipokee batoto."

Nikamwuliza kama hakuna ya tatu. Hakuna. Akanionyesha picha ya ile ya makelele: watu wamezama kwenye povu la sabuni hadi shingoni, glasi juu. Mama yangu na tasbihi yake, nimkalishe wapi humo? Nikaaga nikatoka.

Bibi angejua la kufanya. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyekuwa mkuu wa safari zetu pale Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura. Kila mwaka tulikwenda kwa dada yake Ujiji, kwa meli ya kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na kila mwaka safari ilianza kwa ukaidi wake. Sisi wengine tulichagua siku. Yeye alichagua abiria. Tulifika bandarini mapema, anatandika mkeka wake karibu na wauza mikate, anakaa na birika la chai ya tangawizi, na anatazama nani anapanda. "Chombo hakina tabia," alikuwa akisema. "Tabia wanayo wanaopanda."

Akiona wamama na masufuria yao, watoto, mzee mwenye kuku, tunapanda. Akiona kreti za bia na vijana wenye redio kubwa, anakunja mkeka. Sisi tumeshavaa viatu vilivyopakwa rangi, mimi nimesukwa nywele mpaka macho yananivuta, na tunarudi Buyenzi kwa miguu na mizigo yetu kichwani kungoja meli nyingine. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa hapitwi na kitu, alikuwa anatungoja mlangoni kwake. "Mmeshafika Ujiji? Mbona mapema?" Na bibi akishapita, ananinong'oneza, "Mchagua nazi hupata koroma." Nilimchukia jirani, nikamchukia bibi zaidi. Chapati za safari tulizila ukumbini, baridi, zina ladha ya khanga.

Lakini siku bibi aliporidhika, raha yake siijui kuieleza. Tulijipanga kwenye sitaha na wamama wengine, mkeka kwa mkeka, wali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, vikapita kutoka sahani hadi sahani bila kuulizana ukoo. Mashine ya meli ilinguruma chini ya mgongo wangu mpaka usingizi ukanichukua. Alfajiri mama, wakati huo kijana mwenye mikono ya nguvu, aliniamsha na kuninyanyua mpaka kwenye vyuma vya ukingoni. "Angalia kule. Usiangalie maji, angalia juu ya maji." Sioni kitu, sioni kitu, halafu vilima vya Kigoma vimeshasimama pale. Sikuwahi kukamata ule wakati vinapotokea.

Mara ya mwisho hatukuchagua. Risasi zilikuwa zimelia mtaani tangu asubuhi, na bandari ilikuwa imejaa watu wasio na mizigo. Bibi hakutandika mkeka. Meli iliyokuwepo ilikuwa ya shehena, na juu yake walikuwa wameshapanda vijana wale wale wa bia, wengine bado wanayumba. Baharia akamwuliza bibi anataka kukaa wapi, mbele au nyuma. "Popote," bibi akasema. Ni vijana wale waliomvuta mikono wakampandisha, naye akalala katikati yao. Alifia Kigoma, miaka ikiwa imepita, akiwa bado anasema tutarudi Bujumbura siku ikipatikana meli tulivu.

Haya yote nilimkumbusha mama jioni ile niliyotoka kwa wakala, nikilalamika. Akacheka. Akasema basi tufanye kama bibi, twende tukaangalie wanaopanda. Kwa bahati, wakala alikuwa amenieleza kwamba abiria wa ile meli ya makelele huchukuliwa kwa basi kila Jumamosi karibu na stesheni ya treni ya Kaskazini, kupelekwa bandari ya mbali huko kusini. Kutoka kwetu ni mwendo mfupi.

Basi Jumamosi asubuhi tukaenda, mimi na mama, na chupa ya chai ya tangawizi. Tukakaa kwenye benchi. Nilijua mapema tutakachokiona, na hasira zangu nilikuwa nimeziandaa. Kweli, vijana walikuwepo tayari, kofia za rangi, spika inapiga, mmoja amekaa juu ya kreti. Nikamwambia mama, si unawaona. Nikataka asimame tu, kama mama yake alivyokuwa akikunja mkeka, turudi nyumbani, na kosa liwe la meli.

Mama alikuwa ameelekeza uso pale pale kwenye muziki.

"Hawa watoto beko na makelele," akasema, akitabasamu. Kisha, "Bisi bado haijafika?"

Basi lilikuwa mbele yetu. Refu, jeupe, milango wazi, wanapakia mabegi.

Hata hasira zilinitoka, zikaniacha na woga mtupu. Nikamwambia bado, mama, inakuja. Nikasogea kando kidogo nikampigia wakala. Nikamwambia nataka ile ya wiki yetu.

"Ile ya makelele, maman?"

"Ile ile."

"Alors, chumba utapenda ya mbele ao ya nyuma?"

"Popote," nikamwambia.

Nimeambiwa meli za abiria hazivuki tena kutoka Bujumbura kama zamani. Wamama wa sitaha wametawanyika, wengine wako huku huku Ubelgiji, tukikutana tunaulizana habari za karatasi za ukaazi na maumivu ya magoti. Ule mtindo wa kukaa chini kwanza, ukamwangalia mwenzako wa safari usoni, umekwisha; siku hizi unapanda na watu usiowajua, ukitumaini. Bado nakasirika, nikikuambia nimepoa nitakudanganya. Ila watoto nimeshawaelekeza: asubuhi ile mkiwa ukingoni mwa meli, msimngoje bibi yenu awaonyeshe. Nyinyi mshikeni mikono, mmwambie vilima vimetokea upande gani.