Basi Nililolileta Mimi

Miaka ile hapakuwa na kitu ambacho kingeweza kunishangaza, na nilikuwa nikiwaambia watu hivyo hata kabla hawajauliza. Nilikwishaona mamba akipasuliwa, tumboni mna bangili ya mwanamke. Nilikwishaona Mzungu akila michembe, viazi vyetu vya kukausha, na kuomba aongezwe. Nilikwishaona karani wa ushirika akimwita mkulima arudi kuchukua chenji yake. Mtu aliyeona hayo atashangazwa na nini tena?

Darasa la pili sikulimaliza, lakini nilijenga hoteli. Ilikuwa na mabati sita, benchi mbili na birika kubwa, pale njiapanda ya Usagara, na madereva wa malori ya Shinyanga walikuwa wakivumilia njaa toka mbali ili wafike kwangu. Nilianza na vikombe vitatu, viwili havina mikono. Mabati nilinunua moja moja, kila msimu bati moja, na hakuna mtu aliyenisaidia hata kwa msumari.

Kisha tukahamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Chetu kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Usagara, upande wa ziwa. Nikabeba mabati yangu kichwani, nikayapigilia upya katikati ya kijiji. Chai ilikuwa ile ile, wanywaji ndio hawakuwapo. Mtu anayetoka shamba la kijiji hanunui chai. Anayo kwake, na kama hana anakuja kuniomba majani.

Mwenye duka mmoja wa Buhongwa alikwishakuja mara mbili kuyatazama mabati yale. Aliyagongagonga kwa kidole kama anayechagua boga.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "uza, kabla kutu haijatoa bei yake."

Kuuza mabati maana yake ni kurudi kwenye jembe, na mimi jembe nilikwishaliaga. Dawa ilikuwa moja tu: basi. Basi likifika kijijini litaleta wageni, na mgeni lazima anywe chai.

Kampuni ya mabasi ya mkoa ilikuwa imepata mabasi mapya, na kila kijiji kililia yapite kwake. Mwalimu wa shule alituandikia barua tatu nzuri sana, moja ina mstari uliopigwa kwa wino mwekundu. Likaja jibu moja kwa zote tatu: maombi yamepokelewa na yanashughulikiwa. Meneja wa kampuni akaongeza kwa mdomo kwamba basi likifika Usagara limefika, mafuta ya kwenda mbele hakuna. Lakini utingo mmoja, mteja wangu wa zamani, alininong'oneza neno la maana kuliko barua zote. Alisema mabasi yana meneja, lakini njia zina Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa akitaja mahali, mafuta ambayo jana hayakuwapo leo yanapatikana.

Nikamuuliza, huyo Mkuu wa Mkoa ni mtu wa wapi?

"Wa Pwani. Mzaramo."

Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za babu zetu waliobeba mizigo kwenda Pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kitu chako na kukutaka ukikomboe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu. Barua haina utani. Mimi ninao.

Mwezi ule ule Mkuu wa Mkoa alikuja kukagua shamba letu la pamba. Wakati anaagana na wazee, dereva wake alikwenda kuomba maji ya rejeta. Nikafungua mlango wa Landrova, nikakaa kiti cha mbele, kile chake mwenyewe, nikakunja nne.

Mwenyekiti wa kijiji alinifikia wa kwanza, macho yamemtoka. "Wewe, shuka. Umelewa?"

"Sijalewa, Mwenyekiti. Nimeteka."

"Umeteka nini?"

"Gari la mtumwa wangu, Mzaramo. Akilikomboa, nashuka."

Askari akaanza kuja. Nikihadithia siku hizi husema kulikuwa na joto, lakini ukweli jasho lile halikuwa la joto. Mkuu wa Mkoa akamzuia askari kwa mkono, akalizunguka gari polepole, akaja kuegemea dirisha langu.

"Msukuma akikaa kwenye gari," akasema, "mizigo atabeba nani?"

"Na Mzaramo akija kukagua pamba, ngoma kule kwao anacheza nani?"

Wazee wakaangua kicheko, na hapo nikajua sitalala rumande.

"Haya, taja bei yako."

"Basi. Litoke Mwanza, lipite Buhongwa na Usagara, lifike hapa mbele ya hoteli yangu."

"Mbele ya hoteli yako, au katikati ya kijiji?"

"Hoteli yangu ndiyo katikati ya kijiji. Nilipima mwenyewe."

"Na lile korongo kule njiani? Basi litaruka?"

"Tutaweka mawe. Basi likitoka Mwanza litakuta tumemaliza."

Hakuandika popote. Alimgeukia tu katibu wake: "Mwambie meneja, kuanzia mwezi ujao." Kisha akanifungulia mlango kama mimi ndiye mkubwa. "Shuka, mtani. Leo umekula kwangu. Lakini na mimi tumbo ninalo."

Maneno yale ya mwisho sikuyatilia maanani. Nilikuwa nahesabu wageni.

Kijiji kizima kilibeba mawe wiki tatu. Mimi nilisimamia. Mke wangu, karai la kokoto kichwani, alisema nilijidai nimeteka gari kumbe nimewateka wao. Lakini siku ya basi alikuwa wa kwanza kuamka. Tukapika maandazi, tukakaanga sato, tukachemsha maziwa ya ng'ombe wanne. Nilisema siku hiyo moja itafidia njaa yangu ya mwaka.

Basi likaja, limejaa. Akashuka Mkuu wa Mkoa, akashuka meneja, wakashuka makarani, watu wa chama, na akina mama wa kwaya. Mkuu wa Mkoa akaketi kwenye benchi langu.

"Karibu, mtani," nikasema.

"Nimekwishakaribia. Na wewe kumbuka mila: mtani akila kwa mtani, analipa?"

Nikacheka. Mtu mmoja si kitu. "Halipi."

Akasimama, akatangaza kwa sauti ile ya mikutano: "Ndugu zangu, leo kila aliyeshuka kwenye basi hili ni Mzaramo."

Nikabaki na birika mkononi. Meneja, Mjita wa watu, akavuta sahani ya samaki. Karani mmoja Mhaya, mwenye tai, akaomba chai ya maziwa mengi.

"Wewe ni Mhaya," nikamwambia.

"Nilikuwa," akajibu. "Andazi pia."

Kukasirika siwezi, watu wanatazama. Nikamimina. Na hata hapo ningali nasema hakuna cha kunishangaza. Kisha nikamwona jirani yangu, Msukuma niliyecheza naye utotoni, akipanda basi kwa mlango wa nyuma na kushuka kwa mlango wa mbele. Akaja kuketi. Nyuma yake Mwenyekiti wa kijiji. Nyuma ya Mwenyekiti mwalimu wa barua, na nyuma ya mwalimu, akipandisha fimbo yake kwanza ndipo mguu, baba mkwe wangu.

"Shikamoo, baba," nikasema, kwani ningesema nini?

"Marahaba, mkwe wangu. Leo mimi Mzaramo. Chagua samaki mkubwa."

Hapo, nakiri, nilishangaa.

Kufika jioni birika lilikuwa jepesi kama kofia. Mkuu wa Mkoa alinishika mkono, akasema sasa gari lake limerudi kweli, wakaenda zao. Mke wangu, aliyefika darasa la nne na hajaniacha nisahau, akakaa kwenye benchi na kipande cha mkaa, akaanza kupiga mistari ukutani: vikombe, maandazi, samaki.

Kesho yake basi lilirudi, na Wazaramo wote walikuwa wamekwisha. Dereva alilipa chai yake, kondakta akalipa, abiria kumi na mmoja wakalipa. Mwenye duka wa Buhongwa alifika kwa basi lile lile, akatazama juu, akanywa chai, akalipa, akaondoka bila kugonga kitu. Mabati sita yako pale mpaka leo, nimeongeza mengine manane. Serikali basi lile liliigharimu kiasi gani mimi sijui, waulizwe wao. Mimi lilinigharimu shilingi mia moja themanini na saba na senti hamsini.