Mikono Isiyojua Moto

Shangazi yangu Kalista wa Kalenga amekanda wazazi na kuogesha vichanga tangu mimi sijazaliwa. Siku za karibuni alikuwa anatumbukiza mkono kwenye maji yanayofuka mvuke, anakamua kitambaa taratibu, hata uso haukunji. Wanawake wakamsifu kwamba ana mikono ya chuma. Naye kwa kupenda sifa, akavimba kichwa.

Sifa ziliisha siku alipomkanda Marta, jirani aliyetoka kujifungua. Marta aliruka akipiga yowe.

"Mama Boniface, unanichemsha kama viazi!"

Shangazi akatazama vidole vyake. Vilikuwa na malengelenge, na yeye hana habari.

Hapo akatoboa siri: nyayo nazo zilikuwa zinawaka moto kila akijifunika shuka. Basi kijiji kizima kikahitimu udaktari. Huyu akasema amekanyaga dawa ya watu, yule akasema damu chafu. Mimi nilikasirika, kwa sababu Gloria, mke wa mwanawe Boniface, alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na shangazi alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake wa kwanza hataogeshwa na mtu mwingine. Shangazi mwenyewe hakukasirika, alitaka kujua tu. Akafumba macho, akamwambia Gloria amwekee mguuni kijiko kilichotoka kwenye chai, kisha kilichotoka mtungini.

"Hicho cha baridi."

"Mama, hicho ndicho cha chai."

"Rudia."

Walirudia mpaka chai ikapoa.

Nikampeleka Iringa mjini kwa daktari mmoja, Sedekia. Alimgusa kwa pamba, akasikia. Akamwekea chuma kinachotetemeka, akasikia. Lakini ncha ya sindano aliiona butu, na moto na baridi kwake vilikuwa kitu kimoja.

"Neva zina nyuzi nene na nyembamba," daktari akasema. "Nene hubeba mguso. Nyembamba hubeba joto, baridi na maumivu. Zako nyembamba ndizo zinazoumwa."

"Kama hazisikii moto, mbona miguu inawaka?"

Daktari akacheka, swali limempendeza. "Uzi ulioumia hupiga kelele za uongo, mama."

"Na nani kauumiza?"

Akamtajia: sukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, virusi vya Ukimwi, dawa fulani, hata kinga ya mwili inapomgeukia mwenyewe. Wengine chanzo hakipatikani kabisa. Wakapima. Sukari ya kabla ya kula ilikuwa karibu na kawaida, lakini saa mbili baada ya kunywa maji ya glukosi bado ilikuwa juu. Huenda ndiyo chanzo, alisema, na akimudu kuishusha, nyuzi zinaweza kupona. Hakuahidi.

Gloria akajifungua msichana. Walipotoka hospitali, shangazi alilisogeza beseni mbali naye, machozi yanamlenga.

"Nitamuunguza mtoto."

Gloria akatia kiwiko majini, akaongeza ya baridi, akatia tena. "Yako sawa. Mwogeshe, mama."

Akamwogesha kama ajuavyo, shingo ya kichanga imelala kiganjani. Mtoto akamshika kidole, na mshiko ule aliusikia wote, akacheka kwa sauti. Kisha akamviringisha kwenye khanga, akaweka kiganja mgongoni mwake.

"Gloria," akauliza, "mtoto ana joto?"

"Ana joto, mama."