Boksi Zito la Umeme

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "wanawake waliunguza kompyuta ya kanisa," damu inanichemka. Hatukuunguza. Nilikuwepo, nilikuwa kiongozi wa lile darasa, na ninayajua yote, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, hapa Shinyanga mjini. Jioni tukishamaliza kupika tulikutana kwenye chumba nyuma ya kanisa, akina mama kama thelathini, kompyuta moja tu ya msaada. Thelathini kwa skrini moja! Waliokaa nyuma walikuwa wanaona visogo vya wenzao. Mwalimu wetu, kijana mpole wa sekondari, akapata wazo zuri. Akakusanya skrini mbili zaidi na kadi zake. Kila skrini inataka kadi yake ndani ya kompyuta, ndiyo inayoipa picha. Kadi tatu, skrini tatu, kila mama anaona. Tulipiga vigelegele.

Siku ya tatu kompyuta ikazima, haikuwaka tena. Mwalimu akafungua, akasema pawa saplai imekufa. Hilo ni boksi la bati lililo ndani, linapokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kifaa. La kwetu lilikuwa dogo, la kulisha kadi moja. Tumelibebesha tatu.

Basi Jumapili hiyo mwenyekiti wa baraza la wazee akasimama mbele ya waumini wote. "Akina mama wameunguza kompyuta. Tunawapa Jumapili mbili. Isipowaka, inahamia ofisini, ikatumiwe na wanaojua."

Wanaojua! Ofisini kulikuwa na wazee watatu, na hakuna hata mmoja aliyejua kuiwasha. Mimi nilisoma shule ya jioni nikiwa na watoto wanne, nikibeba daftari na mtoto mgongoni. Nikajisemea, Bwana, wewe unaona. Kompyuta hii haitoki humu.

Mwalimu akanikalisha tukafanya hesabu. Nikamuuliza, "Skrini si zina waya wake wa ukutani? Zinakula nini humo ndani?"

"Skrini inakula ukutani, mama," akasema. "Ila kadi yake inakula humu ndani. Na diski inakula, na kila kitu."

Tukajumlisha kila kifaa, tukaongeza akiba, maana kifaa kikiwaka kwa mara ya kwanza kinavuta zaidi. Ikatoka wati mia mbili na hamsini. Mwalimu alikuwa na mitihani, akaniambia niende dukani mwenyewe.

Nilianza kwa mzee mmoja Mhindi, Mwislamu, anauza vyuma na misumari, na kwenye kabati la kioo anaweka vifaa vya umeme.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

Akanitolea boksi la mia mbili na hamsini. Nikalinyanyua. Jepesi! Nikacheka. "Mzee, hili si kama limejaa pamba?"

"Mama, usipime kwa mkono. Soma hapa, soma kila waya unatoa kiasi gani."

Sikumsikiliza. Mimi mtoto wa kijiji cha Didia, nimekulia kwenye pamba. Baba alikuwa ananyanyua gunia kidogo tu anakwambia kilo zake, na mizani ikija inamfuata yeye. Kule Geita nako mnunuzi wa dhahabu anaamini uzito, haamini maneno ya mtu. Sisi watu wa huku kitu kizito ndicho kitu. Mkono wangu haujawahi kunidanganya, nikasema, nikaondoka.

Duka la pili lilikuwa la mzee wa kanisa letu, naye yumo barazani. Anauza redio na vipuri. Boksi lake limeandikwa mia tatu, na nilipolinyanyua, mkono ukashuka.

"Umeona, mayu?" akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu. "Hicho ni chuma. Si vile vibati vya jirani yangu."

"Litabeba kadi tatu?"

"Hata sita! Wewe nenda kaombe tu, litawaka."

Nikalibeba mpaka kanisani huku nikimshukuru Mungu kwa muumini mwenzangu.

Jioni chumba kilijaa. Mwalimu akafunga boksi, akaweka kadi moja, ikawaka. Akazima, akaongeza ya pili, ikawaka. Akina mama wakaanza kuimba. Akazima, akaweka ya tatu. Tukasikia *tak*, halafu harufu ya mpira unaoungua, na skrini zote zikawa giza. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye hakujua kunyamaza, akasema, "Jamani, nani kaacha chungu jikoni?" Watu wakacheka, lakini wengine walikuwa wanalia. Ilikuwa imebaki Jumapili moja.

Tuliliacha boksi bila waya mpaka kesho yake mchana, umeme uliobaki ndani uishe, ndipo mwalimu akalifungua. Ndani nyaya chache nyembamba kama uzi wa kushonea, na pembeni, limegandishwa kwa gundi, pande la chuma. Halijaunganishwa na kitu chochote. Kazi yake ni uzito tu.

Nikakaa chini. Unajua kilichonikera zaidi? Nililijua lile pande. Nilipokuwa msichana, jioni ya kuamkia siku ya kupeleka pamba, mama alikuwa ananipa kopo la maji na mchanga. "Nyunyiza, mayu, usizidishe." Tulitia mchanga ili gunia lilale kwenye mizani. Na mimi mwenye ujuzi huo wote nikanunua gunia la mchanga! Nikamwomba Mungu msamaha wa pamba ile, kisha nikasimama, maana toba yangu haimfanyi mwizi kuwa mtakatifu.

Nikalifunga lile pande kwenye kanga, nikaenda dukani.

"Mzee, hiki kinafanya kazi gani humo ndani?"

Akakitazama. "Mayu, mimi nauza yanavyokuja. Sijafungua."

"Ulisema hicho ni chuma. Ulijua."

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Na Jumapili kuna waumini. Nichagulie wapi niongezee sauti."

Akafungua droo, akanirudishia pesa yangu. Nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee Mhindi, nikaona haya hata kumsalimu. Yeye hakunicheka. Akachukua bisibisi, akafungua boksi lake mbele yangu, akanionyesha nyaya nene na vile vipande vya bati vya kupoza joto. "Uzito mzuri ni huu, mama, wa kitu kinachofanya kazi. Lakini kwanza soma." Safari hii nikasoma kila mstari na karatasi yetu ya hesabu mkononi.

Likabeba kadi zote tatu. Skrini tatu ziliwaka jioni ile na hazikuzima.

Jumapili, baada ya ibada, baraza likaja kutazama. Mwenyekiti akapita mbele ya skrini, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakohoa. "Vizuri. Basi iendelee kukaa hapa. Tufunge kwa sala."

"Bado," nikasema. "Ulisema mbele ya watu wote kwamba tumeunguza. Iandikwe kwenye kitabu cha kikao kwamba hatukuunguza."

"Mama, mambo yameisha."

"Kwenu."

Nikaweka lile pande la chuma mezani. Yule mzee wa duka la redio, aliyekuwa kati yao, akatazama viatu vyake. Akina mama wakakaa kwenye viti, hakuna aliyetoka, na yule wa dagaa akafunga mlango kwa mgongo wake. Mwishowe katibu wa baraza akafungua kitabu. Akaandika kwamba boksi la kwanza lilizidiwa mzigo, na la pili lilikuwa bovu tangu dukani.

"Andika na hili," nikamwambia. "Kiongozi wa darasa alilichagua kwa kulinyanyua, hakusoma."

Akanitazama. "Hilo nalo?"

"Andika. Ndilo langu."

Akaandika. Nikasoma mistari yote kwa sauti, ndipo nikawaruhusu wasali.