Jiwe la Ndoo ya Muhogo

Mgodi wa urani nje ya Likasi ulikuwa umezibwa kwa saruji, na askari waliulinda. Lakini saruji haikufika majumbani kwetu. Wachimbaji wa zamani walikuwa wamerudi na mawe mfukoni, na mawe yalibaki yakizuia milango isijifunge.

Mimi nilichuuza chumvi na sabuni. Siku zile redio ikijivunia tanuru la atomi la Kinshasa, alinijia mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka. Alitaka jiwe jeusi, zito, lenye ukoko wa manjano. Nikamuuliza linakwenda nchi gani.

"Huko kusini nchi zinaogopana," alisema. "Inayoogopa zaidi ndiyo inayolipa zaidi. Na wewe, usile karibu nalo."

Nililijua lilipo. Jirani yangu Mama Mapasa, mjane wa mchimbaji, mama wa mapacha na wengine, alilitumia kukandamiza muhogo ndani ya ndoo, usielee ukilowekwa.

"Mama Mapasa, miye nakupa chumvi pakiti mbili, unipe ile libwe."

"Mbili? Weye unahesabiaka vyote mara mbili. Hesabu tena."

"Tatu, na sabuni."

"Na libwe ingine. Muhogo itaelea."

Nikamletea jiwe la chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe. Akalipima mkononi. "Hii iko mwepesi."

"Lakini iko safi," nikasema.

Akanitazama. "Yangu iko muchafu?"

Nikisema kweli, atauliza nalitakia nini, na biashara imekufa.

"Hapana, Mama. Iko muzee tu, kama siye."

Akacheka, akanikabidhi.

Mgeni alivuka nalo mpaka. Tangu hapo, redio ikitaja vita vya kusini, naipunguza sauti, kana kwamba jirani atasikia jina langu humo. Lakini kinachonirudia zaidi si redio.

Wiki mbili baada ya biashara ile, Jumapili baada ya misa, Mama Mapasa aliniita mezani. Bukari, ugali wa muhogo, ilikuwa nyeupe, inafuka moshi. Unga ulitoka kwenye ndoo ile, wa muhogo uliolowekwa chini ya jiwe jeusi.

"Kula, bwana ya chumvi. Chumvi ni yako."

Nilisema tumbo linanisumbua. Akanipa pole, akawagawia watoto sehemu yangu. Niliwahesabu: watano. Nikawahesabu tena.