Kahawa ya Makeya

Mume wangu alipofariki nilikaa eda yangu yote na sikulia. Walinipikia uji, wakanifulia, wakanisomea. Akina mama wa mtaani walikuja kunililia kwa niaba yangu, nami nikawapa leso wafute macho. Eda ilipokwisha nikaoga, nikabadili nguo, nikaambiwa sasa naweza kutoka. Kutoka niende wapi? Binti yangu, ambaye hachoki kunitafutia la kufanya, akasema kesho alfajiri kuna kumbukumbu ya askari wa vita vya zamani pale kwenye sanamu, barabara ya Digo. "Si ulikuwa ukienda na nyanyako, mama? Nenda ukapigwe na upepo." Nikaenda. Sikuwa na hamu ya kwenda wala nguvu za kukataa.

Nilitoka Kibokoni watu wakirudi msikitini, nikapita Makadara kukiwa bado na kiza. Pale kwenye sanamu palikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, kipaza sauti kinachokoroma, na vijana wa bendi waliovaa soksi nyeupe. Tarumbeta ikapigwa, tukanyamaza wote, na katika kimya kile nilichosikia ni kunguru tu. Keya hakuwapo hata mmoja. Walikuwapo wajukuu zao, wamebandika medali za babu zao upande wa kulia wa kifua, maana upande wa kushoto ni wa mwenyewe aliyepigana.

Wewe rafiki yangu huenda hukuwahi kuwaona makeya, basi nikwambie. Ni Waafrika waliopigana katika jeshi la Mwingereza, na nilipokuwa mtoto walikuwa bado wengi. Walikuja kutoka Majengo, kutoka bara, kutoka Rabai, wengine na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakata, wengine na makoti ya baridi ambayo Mombasa hayana kazi yoyote. Medali zilikuwa zikigongana kifuani wakikohoa. Nami nilikuwa miongoni mwao kila mwaka, kwa sababu ya nyanya yangu.

Usiku wa kuamkia siku ile nyumba yetu haikulala vizuri. Nyanya aliumua unga wa mahamri tangu jioni, na alfajiri nikaamshwa na harufu ya iliki na mafuta yakichemka. Kahawa alishaiweka kwenye dele, lile birika la shaba lenye mdomo mrefu, akaitia tangawizi mpaka inawasha koo. Kisha akajipamba. Alijifukiza udi, akapaka wanja, akabandika kifuani kikuba cha asumini na rehani, halafu ndiyo akavaa buibui juu yake. Mwanamke mtu mzima, anakwenda kwenye kumbukumbu ya maiti, ananukia kama bibi harusi! Majirani walichungulia madirishani wakimtania. "Leo yuwaenda kwa mume huyo," walisema, naye aliwaitikia, "Hasa!"

Na kweli alikuwa anakwenda kwa mume. Babu aliingia keya mama yangu akiwa tumboni, akapelekwa Bama, huko Asia, na vita vilipokwisha wenzake wakateremka melini Kilindini, yeye hakuteremka. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yu hai. Kadhi alimwita nyanya, akamwambia mwanamke aliyepotelewa na mume ana njia ya kufunguliwa ndoa yake, aolewe na mwingine. Nyanya akakataa. Walikuja wachumba, akawapa sharubati na kuwaaga. Miaka ikaenda hivyo, si mjane, na mume hana, na kila mwaka wa kutojua aliutilia udi na wanja.

Pale kwenye sanamu imamu alipoomba dua kwa wafu, na kasisi naye akaomba, watu wote walisoma kila mtu kwa dini yake. Nyanya peke yake aliificha mikono ndani ya buibui. Siku moja nilimwuliza mbona hasomi Fatiha. "Mimi nimsomee nani?" akanambia. "Mume wangu hajanambia kwamba amekufa."

Yeye hakwenda pale kukumbuka, alikwenda kuuliza. Dua zikiisha tulizunguka, mimi na sinia la mahamri, yeye na dele lake, na kila aliyeshika kikombe aliulizwa. "Hukumuona mume wangu? Mrefu, mweupe kidogo, ana kovu hapa kwenye nyusi." Wazee walifikiri kwa adabu, wakatikisa vichwa. Alikuwapo mmoja tuliyemwita mzee wa reli, Mkristo wa upande wa Rabai, aliyefanya kazi reli baada ya vita. Huyo alikunywa kikombe cha kwanza na cha pili, akajifuta midomo, akasema lile lile la kila mwaka: "Tulikuwa wengi, mama."

Mwaka mmoja alikuja amekonda, anatembea kwa mkongojo. Nyanya akamjazia kikombe, akamwuliza. Mzee akakiweka chini bila kuonja.

"Mama, mumeo nilimzika mimi," akasema. "Homa ilimchukua, tukiwa kando ya mto. Mpishi wetu alikuwa Mwislamu wa Lamu, ndiye aliyemsomea na kutuonyesha namna ya kumlaza."

Nyanya hakutikisika. "Na miaka yote hii wanywa kahawa yangu?"

"Niliambiwa mwanamke wa Kiislamu akifiwa hufungiwa ndani, hatoki tena. Nami nakuona unavyokuja hapa, umependeza, unacheka na watu. Nikasema sitakuwa mimi wa kukufungia."

Maskini, alidhani eda ni ya maisha. Hakujua ni miezi minne na siku kumi, kisha mtu anatoka na kuendelea na dunia yake. Alinyamaza kwa huruma, na hakuna wa kumsahihisha, kwa sababu siri usiyoijua huwezi kuisahihisha. Nilimchukia mzee yule. Nilikuwa mtoto na nilimchukia sana, nikatamani kumnyang'anya hamri lake.

Tulirudi nyumbani. Nyanya akakitoa kikuba, akaunawa wanja, akamwambia mama amtafutie nguo zisizo na maua. Akatandika mkeka chumba cha ndani, kwenye pembe, aanze eda yake. Akina mama walianza kuingia. Kabla hajakaa akasema aitwe mwalimu wa chuo cha Kurani, asije akakosea hesabu. Mwalimu akaja, akasimama mlangoni, akasikiliza kisa chote.

"Huna eda, bibi," akasema kwa upole. "Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari. Yako ilikwisha zamani."

"Ilikwisha, nami ningali najifukiza udi?"

"Ndiyo, bibi. Mwenyezi Mungu amekuondolea uzito."

Alidhani amemfurahisha. Nyanya aliutazama ule mkeka, akaukunja, akaurudisha ukutani. Akina mama hawakujua wakae au waende. Mama yangu alilia, akimlilia baba asiyepata kumwona, lakini nyanya alikwenda jikoni akachukua ungo na kuchagua mchele. Nilikaa karibu yake nikingoja alie. Alitoa mawe, akatoa chuya, akauosha, akaubandika. Siku ile tulikula wali kwa maharagwe ya nazi kama siku nyingine yoyote.

Hakulia siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Udi haukunusika tena nyumbani kwetu. Lakini siku ya makeya iliporudi, aliumua unga kama kawaida. Mama akamwuliza anakwenda kufanya nini, na habari ameshaipata. "Watu watataka kahawa," akajibu. Wakati wa dua aliinua mikono kwa mara ya kwanza, macho makavu. Mzee wa reli alisimama mbali, kwa haya. Nyanya akamfuata huko huko alikokuwa, akamtilia kahawa.

"Nambia tena," akasema.

Mzee akasimulia tena: homa, mto, mpishi wa Lamu. Mwaka uliofuata tena, na uliofuata tena, kwa maneno yale yale. Tangu siku aliyotoa siri akawa anamwita nyanya shemeji, naye anamwita kaka. Nyanya alimsikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari, akishukuru mwishoni, na mimi nilianza kuchoka na huo mto wao.

Kisha mwaka mmoja mzee, labda naye amechoka na maneno yake mwenyewe, akaongeza kitu. "Lakini ruba, wale wanyonya damu wa majini, shemeji! Mwanamume mrefu vile, akiona ruba alipanda juu ya sanduku la risasi akapiga ukelele mpaka afande aje. Tulimcheka sisi!"

"Alipanda juu?"

"Juu kabisa! Mguu mmoja hewani."

Nyanya akacheka. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ndiye!" akasema. "Ndiye huyo! Nyumbani alikuwa akipanda kitandani kwa mende. Kwa mende, kaka!" Akaketi kwenye ukingo wa barabara, buibui limemshuka, anacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Alilia mpaka jua likapanda na viti vikakusanywa. Mzee wa reli alisimama kando yake ameshika dele kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi. Miaka yote aliyokuwa akisimuliwa, walikuwa wamemzika keya yeyote tu. Siku ile ndipo walipomzika mumewe.

Wote wawili hawapo tena. Mwaka huu tuligawiwa chai ya maziwa katika vikombe vya karatasi. Kijana mmoja mwenye medali akanijia kwa adabu, akanishika mkono. "Shikamoo mama. Umekuja kumkumbuka nani?"

"Marahaba. Mume wangu."

"Alikuwa jeshini?"

"Hapana. Alikuwa na duka la vifaa vya umeme, Majengo."

Akatabasamu, akaenda kwa wengine. Nilimeza chai ile, haikuwa na ladha. Mume wangu hakufia Bama. Alifia kitandani mwetu, dawa zake nazijua kwa rangi, nguo zake nilizigawa mwenyewe, na hakuna asiyejua kaburi lake liko wapi. Habari zake zote ninazo, na hakuna hata moja inayoniliza. Nikabaki nimesimama pale hadi bendi ikaondoka. Binti yangu alikuwa akiningoja na chai ya asubuhi, lakini sikurudi Kibokoni. Nilishika njia ya Majengo, nikawaulize jirani zake wa dukani alikuwa mtu gani nisipokuwapo.