Anguko la Mjomba Kobelo

Juzi kwenye msiba wa mjomba wangu Kobelo, watani walimwigiza marehemu kama ilivyo desturi yao. Mmoja alirusha ngumi hewani, akaanguka chali, na wafiwa wakacheka.

Nikasikia tena harufu ya mafuta ya karafuu aliyojipaka mjomba mabegani mchana ule aliporudi ulingoni mjini, mvi zimemjaa, baada ya miaka ya kulima migomba Matombo. Kijana mmoja alimwangusha mapema. Watu walewale waliombembeleza arudi waliangua kicheko, nami, mtoto wakati ule, nikadhani wanamshangilia.

"Mama, mbona mjomba amelala?"

"Nyamaza, mwanangu. Amechoka."

Ujana wake wote hakuna bondia aliyewahi kumwangusha. Nilikaa mpaka matanga yakaisha, nikimngoja mtani wa kuigiza ushindi huo. Hakutokea.